Mstaafu asilazimike kuuza siku mbaya

Mhariri,

Tangu mwishoni mwa 2018 mazungumzo ya mafao nchini yamekuwa mazungumzo ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni. Kilitangazwa, kikalalamikiwa, Rais Magufuli akakisitisha Desemba 28 mwaka huohuo. Kikarudi na sura mpya Julai 1, 2022 kwa mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, wa asilimia 33, na bajeti ya Juni 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa kundi la asilimia 50, na 35 kwa waliotoka kundi la asilimia 25. Walimu, wauguzi na maofisa ugani walikuwa na haki ya kuhoji kila nukta ya hesabu ile. Lakini mjadala huo huishia mlangoni mwa benki. Fedha ikishaingia kwenye akaunti ya mstaafu, hakuna tena anayeuliza inakwenda wapi. Ndiyo maana tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako, sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni hesabu za uwekezaji.

Tuanze na tarakimu. Chukua mtumishi aliyechangia kwa miezi 360, yaani miaka 30, na ambaye wastani wa mishahara yake ya miaka mitatu bora ndani ya miaka 10 ya mwisho ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, au 14,400,000 kwa mwaka. Kwa kikokotoo cha 1/580, zidisha 14,400,000 kwa 360, gawa kwa 580, unapata pensheni kamili ya mwaka ya takriban 8,938,000. Izidishe kwa 12.5, kizidishio cha kanuni hiyo, kisha chukua asilimia 40: mkupuo wake ni karibu milioni 44.7. Asilimia 60 inayobaki ikigawanywa kwa miezi 12 inampa kama 447,000 kila mwezi. Kwa asilimia 33, mkupuo ungekuwa karibu milioni 36.9. Tofauti ni milioni 7.8, na ndiyo iliyotutoa jasho miaka yote hii.

Sasa tazama jinsi kiasi kama hicho kinavyoweza kupotea mchana kweupe. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba za hatifungani mpya za Serikali, yaani hati za fedha unayoikopesha Serikali kwa muda maalumu ukilipwa riba: ya miaka 20 ikatoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na ya miaka 25 ikatoka 15.95 hadi 12.56. Mstaafu wetu wa asilimia 33 aliyesikia kwamba hatifungani ni salama anaweka milioni 36.9 zote kwenye ile ya miaka 20 yenye riba ya 12.10, kwa bei ya 100, yaani shilingi 100 kwa kila 100 za hatifungani. Baada ya muda mfupi soko linabadilika na wanunuzi wanataka tena 15.49. Wiki hiyohiyo mkewe analazwa, zinahitajika fedha nyingi kwa haraka, naye anaamua kuuza. Hakuna mnunuzi atakayetoa 100 kwa hatifungani inayolipa 12.10 ilhali kwingine anapata 15.49. Ukipiga hesabu, bei inayowafaa wote wawili ni kama 79. Milioni 36.9 zinageuka milioni 29.2. Milioni 7.7 zimekwenda, karibu sawasawa na ile tofauti ya kikokotoo.

Hapo hakuna aliyemwibia. Serikali haijakosa kulipa hata senti. Kama asingeuza, angeendelea kupokea 12.10 yake kila mwaka na mwisho wa miaka 20 angerudishiwa fedha yote. Mwenzake aliyenunua ya 15.49 mwaka 2021 aliiona bei ya hatifungani yake, kwa hesabu ileile, ikipanda kuelekea 125 riba mpya ziliposhuka. Soko ni lilelile na karatasi ni za aina ileile. Kilichowatofautisha ni siku ya kununua na, zaidi ya hapo, siku ya kulazimika kuuza.

Hili ndilo tunalotaka msomaji wako alielewe kuliko yote: kwa mstaafu, kushuka kwa soko peke yake si hasara. Hasara inatokea soko linaposhuka siku ambayo yeye hana fedha nyingine ya kula. Kijana mwenye mshahara anaweza kusubiri, mstaafu hana mshahara wa kumvusha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni uwekezaji gani unalipa sana, aulize kila shilingi itahitajika lini, kisha aziweke fedha kwa kufuata tarehe hizo.

Kazi hiyo ianze kwa utulivu. Miezi mitatu ya kwanza fedha isiende popote pa kudumu. Ilipwe madeni yenye riba kali, hasa mikopo ya kausha damu, kwa sababu hakuna hatifungani wala hisa itakayokupa faida inayolingana na riba unayoacha kulipa pale. Inayobaki ikae mahali ambapo inapatikana ndani ya siku chache. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hii: unaingia kwa 100,000 na kuendelea, na ukiomba kuuza vipande, yaani sehemu zako za mfuko, unalipwa ndani ya siku tatu za kazi. Hauna kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, inayofidia wateja benki ikifungwa; tuseme wazi, ni mfuko wa uwekezaji na wala si akaunti ya benki; lakini fedha zake huwekwa zaidi kwenye dhamana na amana za muda mfupi, kwa hiyo thamani ya kipande haiyumbi sana. Katika miezi hiyo mitatu ndugu wataleta mashamba, watu wa mtaani wataleta basi dogo linalouzwa rahisi, na kila mmoja atasema nafasi inapita. Mwambie fedha imefungwa. Kwa maana fulani imefungwa: umeifunga mwenyewe.

Wakati fedha imetulia, andika daftari la matumizi ya nyumba kwa miezi mitatu hiyohiyo: unga, mchele, mkaa au gesi, luku, maji, nauli, dawa, sadaka, michango ya misiba na harusi. Michango isisahaulike, ndiyo inayovuruga bajeti nyingi za wastaafu kwa sababu haina tarehe. Tuseme jumla inafika 650,000 kwa mwezi. Pensheni ni 447,000. Pengo ni 203,000 kwa mwezi, au 2,436,000 kwa mwaka. Mtu asiyeijua tarakimu ya pengo lake hawezi kushauriwa na yeyote, awe benki, dalali au mwanawe aliyesoma uhasibu.

Ukishalijua pengo, mkupuo wa milioni 44.7 unagawanyika kwa mantiki. Milioni 6 tuseme zimekwenda kwenye madeni na bati la nyumba. Milioni 8 ni fungu la karibu: pengo la miaka miwili, karibu milioni 4.9, pamoja na milioni 3.1 za dharura ya ugonjwa. Milioni 24 ni fungu la kati, linalozaa kipato. Milioni 6.7 ni fungu la mbali, ambalo halitaguswa kwa miaka 10 au zaidi. Kwa mwingine tarakimu zitakuwa tofauti, lakini fungu la karibu lisipungue miaka miwili ya pengo. Tunasema miwili kwa sababu soko likianguka huhitaji muda kusimama, na mwenye miezi minne tu ya akiba huuza kabla halijasimama.

Fungu la karibu lisikae lote kwenye benki moja ndogo kwa sababu tu inatoa riba nono ya amana ya muda maalumu. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa mara moja, na wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inafidia mwisho shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Kiwango hicho sasa ni milioni 7.5 kwa mteja katika kila benki. Aliye na milioni 20 kwenye benki moja anapaswa kujua kwamba milioni 12.5 za juu hazina bima hiyo, na kwamba benki ikifungwa atasubiri mfilisi auze mali zake. Riba ya amana hiyo pia hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, kwa hiyo unapolinganisha, linganisha kiasi kinachoingia mkononi.

Fungu la kati ndilo lenye kazi ya mikono, na tunaomba msomaji atuvumilie hapa. Hatifungani ya Serikali hulipa riba mara mbili kwa mwaka, kila baada ya miezi sita. Anayenunua milioni 24 kwa siku moja hupokea fedha mara mbili tu kwa mwaka, miezi mitano katikati hana kitu, na amechukua bei na riba ya siku hiyo moja. Azigawe mafungu sita ya milioni 4, anunue moja kila mwezi kwa miezi sita, akichagua zile ambazo miezi yake ya malipo haigongani: moja ilipe Januari na Julai, ya pili Februari na Agosti, ya tatu Machi na Septemba, na kuendelea hadi Juni na Desemba. Kwa riba ya asilimia 12, tunayoitumia kwa hesabu tu, kila hatifungani inalipa 240,000 kwa kila miezi sita. Zikiwa sita zilizopishana, mstaafu anapokea 240,000 kila mwezi wa mwaka. Pengo lilikuwa 203,000. Limezibwa, na 37,000 zinabaki.

Kuna mtego mmoja ambao hata wenye uzoefu hunasa. Hatifungani ikifunguliwa upya mnadani, yaani Benki Kuu ikiuza tena toleo la zamani, tarehe zake za riba hufuata siku ilipotolewa mara ya kwanza, hazifuati siku uliyonunua wewe. Unaweza kununua Machi ukidhani utalipwa Septemba, kumbe ratiba yake ni Mei na Novemba. Kabla ya kuweka zabuni, mwulize dalali tarehe za malipo ya riba za hatifungani hiyo na uziandike kwenye kalenda ya ukutani.

Namna ya kununua ni hivi. Fungua akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayohifadhi hatifungani na hisa zako, kwa dalali wa soko la hisa aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au kwa benki inayotoa huduma hiyo. Utatakiwa kitambulisho cha NIDA, picha na akaunti ya benki. Majina yafanane herufi kwa herufi: “Mwanaidi” wa NIDA na “Mwanahidi” wa benki ni watu wawili machoni pa mfumo, na zoezi linakwama kwa wiki nzima. Kiwango cha chini ni milioni 1, kisha unaongeza kwa laki moja moja. Minada hufanyika Jumatano. Fomu ina njia mbili. Ya ushindani, unataja bei kwa kila 100: ukitaja 98.5 na ukakubaliwa, hatifungani ya milioni 4 utaipata kwa 3,940,000. Ukitaja chini mno unakataliwa na fedha inarudi, ukitaja juu mno unakubaliwa kwa bei yako mwenyewe hata kama wenzako wamepata nafuu. Njia isiyo ya ushindani haitaji bei, unapewa wastani wa bei za zabuni zilizoshinda. Kwa mstaafu anayeweka milioni 4, sisi tunaipendelea hii ya pili. Hakuna sababu ya mwalimu mstaafu wa Songea kushindana kukadiria bei na mabenki ya Dar es Salaam.

Muda wa hatifungani nao utazamwe. Ya miaka 25 hulipa zaidi, lakini aliyenunua akiwa na miaka 60 itaiva akiwa na 85, na ndefu ndizo zinazoyumba bei kuliko zote riba zikibadilika. Changanya: mbili za miaka 5 au 7, mbili za miaka 10, mbili za 15 au 20. Kila moja ikiiva, fedha inunue nyingine ndefu kama bado huihitaji. Hivyo hubaki umefungwa na riba ya mwaka mmoja, iwe nzuri au mbaya. Mchanganyiko huu huenda ukalipa chini kidogo ya kuweka zote kwenye ndefu. Hiyo ndiyo gharama ya kuwa na fedha inayoiva wakati tofautitofauti, na tunaona inafaa kuilipa.

Na ikitokea dharura kubwa kuliko fungu la karibu? Kuuza kuwe hatua ya mwisho. Hatifungani inaweza kuwekwa rehani kwa mkopo wa benki. Riba ya mkopo huo mara nyingi inazidi riba ya hatifungani, kwa hiyo iwe kwa miezi michache na kwa kiasi kinachotosha shida iliyopo. Ukilazimika kuuza, uza inayokaribia kuiva, maana bei yake haiko mbali na 100.

Kwa asiyetaka safari za mnada, Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS unafanya kazi inayofanana: mpango wa gawio la kila mwezi unaanzia milioni 10, wa kila miezi sita milioni 5. Ajue tofauti mbili. Vipande haviivi, kwa hiyo hakuna siku aliyoahidiwa kurudishiwa kiasi alichoweka. Na gawio linaweza kupanda au kushuka. Tena asilinganishe mifuko kwa kutazama gawio peke yake. Gawio hutoka ndani ya mfuko, na mfuko unaogawa zaidi ya unachozalisha unakula thamani ya kipande. Tazama gawio na bei ya kipande kwa pamoja, kwa miaka mitatu au minne nyuma.

Tumefika kwenye mfumuko wa bei, ambao hauna kelele na ndiyo sababu hausikiki. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya nafaka huenda haiozi, lakini ya shilingi huoza. Miaka ya karibuni mfumuko nchini umekuwa kati ya asilimia 3 na 5. Chukua 4. Baada ya miaka 15, matumizi yaleyale ya 650,000 yatagharimu karibu 1,170,000. Kama pensheni haijaongezwa, pengo la 203,000 litakuwa 723,000. Hatifungani zetu sita bado zitalipa 240,000 zilezile. Mstaafu wa miaka 75 aliyejiona yuko salama siku alipostaafu sasa anakosa karibu nusu milioni kila mwezi, na hajafanya kosa lolote isipokuwa kuisahau hesabu hii.

Fungu la mbali lipo kwa ajili yake. Zile 37,000 za ziada kila mwezi zirudi kwenye uwekezaji badala ya kuliwa, na milioni 6.7 ziwekwe kwenye kitu kinachokua: vipande vya Mfuko wa Umoja, ambao unachanganya hisa na dhamana, au hisa zenyewe Soko la Hisa la Dar es Salaam. Milioni 6.7 zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka zinafika milioni 28 baada ya miaka 15. Ukuaji huo hauna mdhamini. Huenda ukawa mdogo, huenda ukawa mkubwa, na hakika hautakuja kwa mstari ulionyooka.

Kwa anayetaka kujua mstari usionyooka unafananaje, atazame jirani Nairobi. Kampuni ya simu ya Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya kwa hisa. Mwaka 2009 ilikuwa chini ya 3, na ilichukua miaka kadhaa mpaka kutulia juu ya 5. Ikapanda hadi zaidi ya 40 mwaka 2021, kisha ikashuka tena hadi chini ya 15 mwaka 2023. Kampuni ilikuwa hai na yenye wateja kipindi chote. Aliyeweka fedha ya kula mwaka 2008 aliuza kwa 3. Aliyeweka fedha ya miaka 10 alivuna gawio na bei. Aliyeingia 2021 kwa sababu kila mtu alikuwa anaisifia alijifunza upande wa pili.

Hapa Dar es Salaam kuna jambo la ziada: hisa za kampuni kadhaa huuzwa mara chache. Bei iliyoandikwa gazetini inaweza kuwa ya biashara ya wiki iliyopita ya hisa 200, na ukitoa oda ya kuuza 5,000 inakaa kwenye orodha bila mnunuzi. Kabla ya kununua, mwulize dalali zimeuzwa hisa ngapi za kampuni hiyo mwezi uliopita. Asipotaka kujibu, tafuta mwingine. Kumbuka pia kamisheni unaponunua na unapouza, na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa. Usiweke zaidi ya theluthi moja ya fungu hili kwenye kampuni moja, hata kama ulifanya kazi humo miaka 30.

Kuna wastaafu wanaokimbilia dola. Oktoba 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,700, na wengi wakaona shilingi imekwisha. Kufikia Desemba ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Aliyenunua kwa milioni 10 kwa 2,700 alipata dola 3,703. Akilazimika kuzibadili kwa 2,400 anarudi na milioni 8.9. Mwenye mtoto anayesoma nje au dawa za kuagiza ana sababu ya kushika dola kiasi cha mahitaji hayo. Mwenye matumizi ya shilingi tupu anabahatisha tu.

Juu ya upatu hatutasema mengi. DECI, mmoja wa michezo hiyo, ilisimamishwa mwaka 2009 na bado kila mwaka kunazuka mingine yenye majina mapya, sasa kwa simu. Anayekuahidi asilimia 20 kwa mwezi anakulipa kwa fedha ya atakayekuja baada yako. Mwombe namba ya leseni, kisha uipeleke mwenyewe kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji au Benki Kuu waithibitishe. Hatua hiyo ni ya siku moja.

Mafungu yakishapangwa, kazi inayobaki ni ya mara moja kwa mwaka, na tunashauri iwe mwezi wa kuzaliwa ili isisahaulike. Jaza fungu la karibu lirudi kwenye miaka miwili. Kama fungu la mbali limepanda mwaka huo, uza kidogo cha faida ujazie fungu la karibu; kama limeshuka, usiliguse, tumia riba za hatifungani na fungu la karibu. Piga upya hesabu ya pengo kwa bei za mwaka huo. Kati ya miezi hiyo 12 usifungue simu kila asubuhi kutazama bei ya kipande. Anayeitazama kila siku atakuta siku nyingi nyekundu, za bei kushuka, hata katika mwaka mzuri, na moja ya siku hizo atauza.

Jambo la mwisho la kiutendaji linahusu kifo, na linaumiza kwa sababu linazuilika kwa karatasi moja. Akaunti ya mshahara inaweza kufungwa au kulala baada ya kustaafu wakati riba za hatifungani bado zimeelekezwa huko. Malipo hugonga mwamba na mwenyewe hajui. Akifariki, familia haijui kama kuna CDS wala vipande. Lazima msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, kisha aanze kutafuta kitu ambacho hakuna aliyewahi kumtajia. Andika ukurasa mmoja: namba ya CDS, jina la dalali, namba ya vipande, benki na tawi, tarehe za riba, namba ya pensheni. Weka nakala kwa mwenza na nakala kwa mtoto mmoja unayemwamini. Usiandike namba za siri. Na usikose uhakiki wa wastaafu mfuko wako unapoutangaza, maana pensheni husimama na kuirudisha ni safari.

Mhariri, tunaomba mambo mawili. Waajiri, hasa halmashauri, waache kuendesha semina ya kustaafu wiki ya mwisho kazini, ambapo mtu ameshaahidi fedha kwa watu sita. Iwe miaka mitatu kabla, na mshiriki aje na daftari lake la matumizi. Na gazeti lako litenge robo ya ukurasa kila Alhamisi, siku moja baada ya mnada, lichapishe muda wa hatifungani iliyouzwa, riba yake, wastani wa bei zilizoshinda, miezi itakayolipa riba, na thamani ya vipande vya mifuko ya wiki hiyo. Matokeo hayo hutangazwa kwa umma, lakini mstaafu wa Tunduma au Kibondo asiye na simu ya intaneti hayaoni. Mkiamua kuianzisha safu hiyo, tuko tayari kuzisoma na kuzihakiki tarakimu zake kila wiki bila malipo.

Wasomaji wenu,
Morogoro